Jibu ni Haki ya Anayengoja



Jioni moja ya mwezi wa Septemba, baada ya sala ya Jumuiya hapa Maisaka, mama mmoja alitungoja nje hadi wenzake walipokwisha kuondoka. Hakuja kuomba Misa wala kuleta zaka. "Baba," alisema, "ndani nina magunia sita ya mbaazi. Niyauze sasa, au niyaweke?" Tulimjibu kwamba mambo ya soko yeye anayajua kuliko sisi. Akatikisa kichwa, akatueleza. Binti yake ni muuguzi mwenye shahada. Tangu mwezi wa Aprili ameomba nafasi ya kusomea shahada ya pili, yaani ya uzamili, katika fani ya ukunga. Ameomba vyuo viwili, na hadi siku ile hakuna kilichomwambia ndiyo wala hapana. Iwapo atapata nafasi, karo itatakiwa mwezi wa Oktoba, na mbaazi hazina budi kuuzwa kwa bei yoyote iliyopo. Iwapo hatapata, magunia yaweza kukaa hadi bei ipande, na nyumba ipate mabati mapya kabla ya masika.

Hatukuwa na la kumjibu. Tulimwambia aendelee kusali na kuvumilia, naye akaitikia kwa heshima, akaenda zake. Baadaye tuliona kwamba tumemjibu kama walivyomjibu wengine wote. Tangu jioni ile jambo hili halikutuacha, na leo tunathubutu kuliweka mbele yenu katika ukurasa huu wa Haki na Amani.

Safari ya ombi

Wengi wetu hatujapata kuomba nafasi ya masomo ya juu, kwa hiyo yafaa tueleze kwa kifupi. Kuanzia mwaka wa masomo 2010/2011 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania iliendesha mfumo mmoja wa udahili kwa nchi nzima. Mwaka 2017 waombaji walirudishwa kuomba moja kwa moja vyuoni. Hata hivyo, kwa shahada ya kwanza zimebaki awamu zinazotangazwa, na mwenye kuchaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hupewa muda wa kuthibitisha anachokitaka. Kwa uzamili mambo ni tofauti. Kila chuo hupokea maombi yake na kuyapima chenyewe, kuanzia idarani hadi kwenye vikao vya juu, na mwombaji hutegemea zaidi kalenda na adabu ya chuo hicho.

Binti huyu alitimiza aliyoambiwa. Alipeleka vyeti, matokeo ya shahada ya kwanza, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga na barua za wadhamini, na alilipa ada ya maombi ambayo hairudishwi. Kwa kuwa yuko kazini, aliandika pia barua ya kuomba ruhusa ya mwajiri, maana akienda darasani bila ruhusa atahesabiwa mtoro kazini. Basi anangoja majibu matatu kwa wakati mmoja. Kila atokapo zamu ya usiku hufungua simu yake na kukuta maneno yale yale, kwamba ombi lake linashughulikiwa. Barua yake kwa mwajiri, kila anapoiulizia, huambiwa kwamba iko mezani kwa mkubwa.

Wazee wetu watakumbuka hali ilivyokuwa zamani. Barua za kuitwa chuoni zilikuja kwa sanduku la posta la parokia, kwa kuwa nyumba nyingi hazikuwa na anwani nyingine. Basi likikwama katika matope ya Kondoa, jibu nalo lilikwama, na kijana aliweza kupata barua yake wakati wenzake wamekwisha kuanza masomo. Tulilaumu barabara. Lakini tangu mwaka 2018 barabara ya kutoka Dodoma hadi Babati ni ya lami tupu, na ombi lenyewe halipiti tena barabarani, kwani hufika chuoni katika dakika moja. Kwa hiyo barabara haiwezi tena kubeba lawama hii.

Kwa nini jambo hili litupase sisi sote

Huenda mkulima wa Bonga au mfugaji wa Galapo akauliza, "Shahada ya pili ya muuguzi yanihusu nini, mimi ambaye zahanati yangu ina muuguzi mmoja tu?" Swali hili ni la haki, nasi tunalijibu.

Muuguzi wa zahanati amefundishwa na mtu. Mkoani kwetu vipo vyuo vya uuguzi, kama kile cha Dareda na kile cha Haydom, na kila chuo cha namna hiyo huhitaji walimu waliosoma kupita kiwango wanachokifundisha. Muuguzi anayekwenda Muhimbili kusomea uzamili wa ukunga, au wa kuwahudumia wagonjwa mahututi na majeruhi, arudipo hafanyi kazi ya mtu mmoja. Hufundisha darasa zima, na darasa hilo hutawanyika katika vijiji ambavyo yeye mwenyewe hatavifikia kamwe.

Tena tusisahau tulikotoka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikadiria kwamba katika kila vizazi hai 100,000 walikufa akina mama 556 kwa sababu za uzazi. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Hatua hii ni kubwa, na mikono ya wakunga imo ndani yake. Lakini akina mama 104 si wachache kwa watoto wanaowaacha, na anayetaka kusoma zaidi ili kuipunguza hesabu hiyo hastahili kutendewa kama mtu anayeomba fadhila yake binafsi.

Ulimwengu nao una njaa ya wauguzi. Shirika la Afya Duniani liliufanya mwaka 2020 kuwa mwaka wa muuguzi na mkunga, miaka 200 tangu kuzaliwa kwa Florence Nightingale. Katika taarifa yake ya mwaka huo lilikadiria kwamba dunia ilikuwa na wauguzi wapatao milioni 28 na kwamba walipungua milioni 5.9, na sehemu kubwa mno ya upungufu huo imo katika nchi zenye kipato kama chetu. Nchi tajiri zinawatafuta wauguzi popote walipo. Nasi twajua kwamba mtu asiyejibiwa nyumbani husikiliza haraka sauti inayomwita kutoka mbali.

Kukataliwa si dhuluma

Hapa yatupasa kuwa waangalifu, tusije tukadai yasiyo ya haki. Hatusemi kwamba kila aombaye apewe. Nafasi za uzamili ni chache kwa sababu zinazoeleweka: walimu wa kusimamia utafiti ni wachache, na wodi za kujifunzia haziwezi kubeba wanafunzi wasio na idadi. Mgonjwa ana haki ya kuhudumiwa na mtu aliyechaguliwa kwa uwezo. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 11, yatambua uhuru wa raia kutafuta elimu hadi upeo wowote, lakini yaufungamanisha uhuru huo na stahili na uwezo wake. Chuo kinachomwambia mwombaji kwamba alama zake hazikutosha hakijamdhulumu. Kimetimiza wajibu wake kwake, na kwa wagonjwa ambao angewahudumia.

Dhuluma iko mahali pengine. Ni pale ombi linapopokewa, ada inapopokewa, na kisha mwenye kuomba akaachwa bila neno. Anayekataliwa huweza kuomba kwingine, kurekebisha upungufu wake, kuoa au kuolewa, kulima, kujenga. Anayeachwa kimya hafanyi lolote kati ya hayo, maana kila atakalopanga laweza kuvunjwa na ujumbe utakaoingia kesho. Mwenzake wa wodini hajui kama atabaki peke yake na zamu za watu wawili. Katika habari hii magunia ya mama yake nayo yamezuiliwa, ingawa mama huyo hakuomba chuo chochote.

Na tusidhani kwamba magunia ni jambo dogo. Mwaka 2017, India ilipoweka kikomo kwa mbaazi inazonunua kutoka nje, bei ilianguka na nyumba nyingi za Babati zikabaki na mazao ndani. Mwenye kukumbuka mwaka ule hawezi kungoja soko kwa utulivu. Kila wiki ya kimya cha ofisi ni wiki ambayo familia inacheza bahati nasibu kwa jasho lake.

Tena kimya hakikai kitupu. Mahali palipokosa jibu huingia uvumi. Majirani husema nafasi zilikwisha kugawanywa zamani, au kwamba bila kuwa na mtu ndani hupati kitu. Baada ya uvumi huja mlaghai. Wiki mbili baada ya jioni ile, mama yule alirudi kwetu. Binti yake alikuwa amepigiwa simu na mtu asiyemfahamu, aliyejidai kuwa mtumishi wa chuo, akataka shilingi laki tatu ili "asukume faili". Mama alikuwa amekwisha kuuza magunia mawili. Aliona aibu kutuambia, lakini alitaka kujua kama ni dhambi, kwa kuwa kila mtu alimwambia kwamba ndivyo mambo yanavyokwenda.

Hatukumhukumu. Mtu aliyengoja miezi mitano bila neno, akisikia sauti ya kwanza inayomtajia jina lake na jina la chuo, si ajabu akaiamini. Aliyemwokoa ni binti mwenyewe. Alikataa, akasema kwamba akiingia kwa mlango huo hatakuwa na uso wa kumfundisha mkunga yeyote kukataa kitu kidogo cha mzazi. Fedha ilibaki nyumbani. Lakini tujiulize, je, ni wangapi waliolipa? Na ni nani aliyempa mlaghai huyo nafasi ya kufanyia kazi, kama si kimya cha ofisi halali?

Subira na mipaka yake

Sisi Waswahili husema kwamba subira huvuta heri, na kwamba mngoja hula mbivu. Ni methali za kweli, nasi tumezitumia mara nyingi kuwafariji watu. Lakini embe hulingojea mtini kwa sababu linaiva. Ombi lililowekwa chini ya mafaili mengine haliivi, linazeeka tu. Kumwambia mtu avumilie pasipo kumwuliza mwenye faili amefanya nini ni kumtwika mnyonge mzigo wa mtu mwingine, na kuuita mzigo huo fadhila.

Maandiko Matakatifu hayakufanya hivyo. Katika Kumbukumbu la Torati, sheria yaamuru kibarua maskini alipwe kabla jua halijatua, na yatoa sababu ambayo ingepasa kuandikwa juu ya kila mlango wa ofisi: kwamba yeye ni maskini, na moyo wake unautegemea ujira huo. Sheria haikutazama kiasi cha fedha tu. Ilitazama pia moyo wa mtu anayengoja. Naye Bwana wetu, katika Injili ya Luka, aliposimulia juu ya mjane aliyemwendea kadhi kila siku, hakumlaumu mjane kwa kusumbua. Aliyeitwa dhalimu ni kadhi, aliyekaa muda mrefu bila kutaka kusikiliza.

Wala serikali yetu haikukosa kulitambua jambo hili. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, taasisi nyingi za umma zimeandika Mkataba wa Huduma kwa Mteja, ambamo hutajwa siku ambazo barua itakuwa imejibiwa. Mikataba hiyo mingi imetundikwa ukutani. Tunaomba ishuke kutoka ukutani, ikae mezani.

Yatupasayo kutenda

Kwanza, tuanze nyumbani mwetu. Kanisa nalo ni mwajiri, na ni mwenye vyuo na hospitali, tangu zahanati za parokia hadi Bugando kule Mwanza. Hatumnyoshei kidole mtu yeyote. Twasema tu kwamba hatuwezi kuidai serikali kitu ambacho sisi wenyewe hatukitoi. Mkuu yeyote wa kituo chetu aliye na barua ya mfanyakazi anayeomba ruhusa ya masomo, na aijibu. Kama wodi haiwezi kumwachia mwaka huu, amwambie hivyo, na amwambie ni mwaka gani itaweza. Sisi mapadre pia tuchunguze dhamiri zetu. Barua za udhamini tunazoombwa na vijana hukaa mezani petu wiki ngapi kabla hatujazitia sahihi?

Pili, vyuo vinavyopokea ada ya maombi vitaje, siku ile ile ya kupokea, tarehe ambayo jibu litatolewa, na tarehe hiyo iheshimiwe. Kama vikao vimechelewa, mwombaji aambiwe kwamba vimechelewa na aambiwe tarehe mpya. Kama jibu ni hapana, sababu itajwe kwa mstari mmoja: alama, nafasi, au hati iliyokosekana. Hili halihitaji bajeti mpya, kwa maana simu iliyoweza kupokea ada yaweza kupokea jibu.

Tatu, viongozi wa Jumuiya na wa Kamati za Haki na Amani wajue ni nani wanaongoja katika mitaa yao. Tuna desturi njema ya kuwachangia wanafunzi wanapokwisha kuitwa, lakini wakati wa kungoja tunawaacha peke yao. Msaada wa wakati huo si fedha. Ni kumsindikiza mtu hadi ofisi husika, kumsaidia kuandika barua ya kuulizia yenye tarehe na kumbukumbu, na kumsaidia kutunza nakala na risiti. Tena ni kuwaeleza wazazi kwamba hakuna ofisi halali inayosukuma faili kwa simu ya mtu binafsi. Anayepigiwa simu ya namna hiyo aitunze namba na kuipeleka TAKUKURU au polisi, wala asione haya.

Nne, neno kwa ninyi wenyewe mnaongoja. Soma masharti kabla ya kulipa ada, ili usikataliwe kwa jambo ambalo ungeliona mapema. Ulizia kwa adabu, kwa maandishi, na usichoke. Usiache kazi wala kuuza shamba kwa kutegemea jibu ambalo halijafika. Na jibu likija kuwa hapana, usilione kuwa ni hukumu juu ya utu wako. Mgonjwa uliyemgeuza kitandani jana usiku hakukuuliza una shahada ngapi.

Neno la mwisho

Wakati tunapoandika haya, chuo kimoja kimekwisha kumjibu binti yule. Jibu ni hapana: nafasi zimejaa, na anashauriwa kuomba tena mwaka ujao mapema zaidi. Mama yake alituambia kwamba alilia usiku ule, na asubuhi akavaa sare yake akaenda zamu. Siku chache baadaye alinunua daftari, akaanza kuandaa maombi ya mwakani. Fedha ya magunia mawili imenunua mabati. Magunia manne yamebaki, yakingojea chuo cha pili, na barua ya mwajiri bado iko mezani kwa mkubwa.

Tazameni, ndugu, kazi iliyofanywa na jibu moja la kukataa. Limeumiza, lakini limemrudishia mtu mwaka wake na limeiezeka nusu ya nyumba. Kama "hapana" iliyosemwa kwa wakati yaweza kutenda mema kiasi hicho, basi wenye ofisi hawana udhuru wa kunyamaza. Neno hilo hawalitoi kama zawadi. Ni deni, na mwenye kudai yuko mlangoni.

Kwa tafakari katika Jumuiya

1. Ni nani katika Jumuiya yetu anayengoja jibu la masomo, kazi, kiwanja au kesi? Je, tumepata kumwuliza habari zake?

2. Sisi wenyewe, nyumbani, shambani au ofisini, tunamweka nani katika kungoja, ilhali jibu tunalo?

3. Mtu akija kwetu na habari ya "kusukuma faili", tutamshauri nini, na tutamsindikiza wapi?